Texas: Mtoto ana tatizo la kusema, au bado anajifunza Kiingereza?

Wasikilizaji wetu wengi waliokuwa wakitufuata kwa redio ndogo za betri katika kambi ya Nyarugusu, hapa mkoani Kigoma, sasa wanaishi Marekani. Wamepelekwa huko kwa mpango wa kuhamishia wakimbizi nchi ya tatu, na bado wanatusikiliza kwa intaneti. Mmoja wao, mama anayeishi jimbo la Texas, alitutumia ujumbe wa sauti ambao sikuusoma hewani kwa sababu sikuwa na jibu.

"Kaka, mtoto wangu yuko darasa la pili, haongei vizuri. Hata Kiswahili chenyewe hakisemi sawasawa. Shuleni wananiambia nisubiri, akishajua Kiingereza yatakwisha. Huu ni mwaka wa pili nasubiri."

Nimekuwa nikitafuta jibu lake. Nilichokiona ni kwamba neno hilo "subiri" lina historia katika jimbo lile. Mara nyingi mtaalamu anayepaswa kusema kama mtoto ana tatizo au hana, hajapewa nafasi ya kusema.

Wataalamu wenyewe ni akina nani?

Kuna taaluma mbili zinazofanya kazi bega kwa bega. Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha humsaidia mtu anayegugumia, asiyetamka vizuri, asiyeelewa anachoambiwa, aliyepoteza usemi baada ya kiharusi, hata anayeshindwa kumeza. Mtaalamu wa usikivu hupima masikio, hutafuta chanzo cha mtu kutosikia na humchagulia shimesikio linalomfaa.

Texas inawapa leseni kupitia idara yake ya leseni, TDLR, iliyochukua jukumu hilo mwaka 2016. Masharti si mepesi. Mtaalamu wa usemi anatakiwa awe na shahada ya uzamili, afanye kazi chini ya uangalizi kwa miezi kadhaa na afaulu mtihani wa kitaifa. Anayeanza sasa taaluma ya usikivu anatakiwa awe na shahada ya udaktari ya fani hiyo. Wapo pia wasaidizi wenye shahada ya kwanza. Hao wanaruhusiwa kutoa tiba chini ya mtaalamu, lakini hawaruhusiwi kumpima mtoto na kuamua ana tatizo gani.

Sharti hilo la mwisho ndilo la kulishika. Shule inaweza kuajiri wasaidizi ili tiba iendelee, lakini foleni ya watoto wanaosubiri kupimwa haipungui, kwa kuwa anayepima ni yule yule mmoja.

Asilimia 8.5

Sheria ya serikali kuu ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi IDEA na yenye mizizi katika sheria ya mwaka 1975, inazitaka shule za umma zimtafute kila mtoto mwenye ulemavu, zimpime na zimhudumie bila malipo. Ulemavu wa usemi na lugha umo katika orodha hiyo, na ni miongoni mwa makundi yenye watoto wengi zaidi.

Mwaka 2004, Wakala wa Elimu wa Texas, TEA, uliweka kipimo kipya cha kuzikagua shule. Wilaya ya shule iliyokuwa na zaidi ya asilimia 8.5 ya wanafunzi katika elimu maalumu ilipoteza alama na ingeweza kutakiwa ijieleze. Wakati huo wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu asilimia 13. Miaka ilivyokwenda, Texas ilishuka hadi kwenye hiyo asilimia 8.5 na kuwa ya mwisho kitaifa.

Gazeti la Houston Chronicle liliifichua habari hii mwaka 2016. Lilikadiria kwamba kama Texas ingekuwa kwenye wastani wa nchi, watoto zaidi ya 250,000 wangekuwa wakipata huduma ambazo hawakuzipata. TEA ilijitetea kwamba kile hakikuwa kikomo bali kiashiria cha uangalizi tu. Bunge la jimbo lilikipiga marufuku mwaka 2017, na Januari 2018 Wizara ya Elimu ya Marekani ikatamka kwamba Texas ilikuwa imevunja sheria.

Jiweke kwenye kiti cha mtaalamu wa usemi wa miaka ile. Una mtoto mbele yako, umemsikiliza, unaona anahitaji msaada. Mkuu wako anakuambia wilaya imeshafika kwenye namba. Utaandika nini? Mtoto aliyekuwa rahisi kuachwa ni yule ambaye nyumbani hazungumzi Kiingereza, maana kwake sababu ilikuwa tayari: bado anajifunza lugha.

Namba ilipoondolewa, mlango ulifunguliwa kwa ghafla. Maombi ya kupimwa yakaongezeka na kiwango cha wanafunzi katika elimu maalumu kimeshapita asilimia 12. Wataalamu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Chama cha kitaifa cha wataalamu hawa, ASHA, kimeonyesha katika tafiti zake kwamba mtaalamu wa shuleni Marekani kwa kawaida huhudumia watoto karibu 50. Chama hicho hakipendekezi idadi moja ya juu. Kinataka ihesabiwe kazi yote: vipimo, ripoti, vikao na safari za kutoka shule moja hadi nyingine.

Na pesa nazo zilikatwa

Nje ya shule, watoto wa familia zenye kipato kidogo, wakiwemo wengi wa waliotoka kambini, hutibiwa kwa bima ya serikali iitwayo Medicaid. Mwaka 2015 Bunge la Texas liliagiza malipo ya tiba ya usemi, ya viungo na ya kazi yapunguzwe kwa kiasi cha dola milioni 350 katika miaka miwili, ukijumlisha fedha za jimbo na za serikali kuu. Waliounga mkono walisema Texas ilikuwa ikilipa kuliko majimbo mengine. Wazazi na watoa huduma walikwenda mahakamani wakashindwa, na punguzo likaanza Desemba 2016. Mwaka uliofuata Bunge lilirudisha sehemu tu ya fedha hizo.

Baadhi ya mashirika yaliyokuwa yakiwahudumia watoto wa chini ya miaka mitatu yalijitoa kwenye mpango wa jimbo. Mtaalamu anayelipwa kwa kila mtoto anayemtembelea nyumbani hujiuliza kama safari ya kilomita 60 italipa mafuta. Ndiyo maana anayeishi mbali na miji mikubwa huumia kwanza.

Kiswahili kinaingiaje hapa?

Sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha anayoijua, pale inapowezekana. Wataalamu wa Marekani wanaoweza kutoa huduma kwa lugha mbili ni chini ya mmoja katika kila kumi, na wengi wao lugha yao ya pili ni Kihispania. Kwa mtoto wa Kiswahili hutafutwa mkalimani.

Kanuni ya wataalamu ni kwamba tatizo la kweli la lugha huonekana katika lugha zote za mtoto. Mtoto anayesema "buku" na "sikulu" kwa Kiingereza hana ugonjwa. Ametoka kwenye lugha ambayo silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Anayemwita mama yake kwa neno la kiume la Kiingereza naye hana ugonjwa, kwa sababu sisi tunasema "amekuja" bila kutenga mwanamume na mwanamke. Lakini mtoto wa miaka saba ambaye hata kwa Kiswahili hawezi kusimulia alichofanya jana, au ambaye ndugu zake wenyewe hawamwelewi, huyo apimwe sasa. Kiingereza hakitamponya.

Shida ni kupata cha kulinganishia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya namna watoto wanavyokua katika matamshi ya Kiswahili uliwahusu watoto 24 wa Dar es Salaam. Ni mwanzo mzuri, ila ni watoto 24. Tena mtoto aliyelelewa na wazazi wa Kivu Kusini husema "kitabu yangu" kama wazazi wake wanavyosema. Mkalimani aliyesomea Dar es Salaam au Mombasa anaweza kulihesabu hilo kuwa kosa, na mtaalamu asiyejua Kiswahili akaliandika kwenye ripoti kuwa dalili. Kwa hiyo hatari ziko mbili: mtoto mwenye tatizo kuambiwa asubiri, na asiye na tatizo kubandikwa ulemavu.

Je, wataalamu wa kutoka kwetu hawawezi kwenda kuziba pengo? Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kufundisha shahada ya kwanza ya tiba ya usemi mwaka 2008. Lakini mhitimu wake akifika Texas, shahada hiyo peke yake haimpi leseni kamili. Masharti hayo yamewekwa kumlinda mgonjwa, na sidhani yalegezwe ovyo. Ila jimbo lililopokea wakimbizi wengi wa Kongo lingeweza kuwalipia masomo ya uzamili vijana wa jamii hizo, badala ya kutegemea mkalimani wa kwenye simu peke yake.

Anza na masikio

Tangu mwaka 1999 Texas ina sheria ya kupima usikivu wa watoto wanaozaliwa hospitalini. Mtoto aliyezaliwa kambini huenda hakupimwa kabisa, na malaria kali, homa ya uti wa mgongo au masikio yanayotoa usaha huweza kupunguza usikivu bila mtu kujua. Mtoto asiyesikia vizuri hatatamka vizuri.

Mzazi asikimbilie kumnunulia mtoto shimesikio dukani. Tangu Oktoba 2022 vifaa hivyo vinauzwa Marekani bila cheti cha daktari, lakini ni kwa watu wazima wenye upungufu mdogo au wa kati. Aliye chini ya miaka 18 lazima aonwe na mtaalamu.

Jibu langu kwa mama

Nimemrudishia mama yule ujumbe, na ninauandika hapa kwa walio na hali kama yake.

Ombi la kupimwa mtoto liandikwe, lisiishie kwa mdomo. Andika kwa Kiswahili kama Kiingereza kinakupiga chenga, weka tarehe, na ubaki na nakala. Likifika kwa uongozi wa elimu maalumu au ofisi ya shule, Texas inaitaka shule ijibu ndani ya siku 15 za shule: ama ikubali na kukuomba idhini, ama ikueleze kwa maandishi kwa nini inakataa. Ukishatia saini, ina siku 45 za shule kumaliza vipimo. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, nenda kwenye mpango wa jimbo uitwao ECI.

Omba mkalimani anayejua Kiswahili cha kwenu. Rekodi kwenye simu dakika chache za mtoto akiongea na ndugu zake nyumbani, uende nazo. Mwambie mtaalamu alianza kusema lini, aliugua nini, na kama anagugumia au anakwama kwa Kiswahili pia. Habari hizo mtaalamu hawezi kuzipata kwenye kipimo chochote, unazo wewe.

Na ukiambiwa tena "subiri", uliza swali moja tu: nani amempima, na kwa lugha gani?