Kabla Hujaangusha Banda la Nyuma

Wasee wa Migosi, tuongee ukweli kuhusu hii fashoni ya kurembesha ploti.

Formula ni ile ile. Banda la nyuma linaangushwa, udongo wote unazikwa chini ya kabro, nyasi za plastiki zinatandazwa, halafu inasimamishwa gazebo ya kupigia picha. Video inatrendi, kila mtu anaandika "wueh!" Mimi nasema hiyo si bustani. Hiyo ni maegesho ya magari yamevalishwa kijani.

Sitetei banda bovu. Mabati yakioza na nguzo zikiliwa na mchwa, angusha. Lakini kwanza angalia paa. Kama ni asbesto ya zamani, weka nyundo chini. Vumbi lake likiingia kwa mapafu linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye, na kisheria hapa Kenya hiyo ni taka hatari. Hiyo ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, si ya kijana wa mtaa aliyefunga leso mdomoni.

Shida yangu ni kinachojengwa baadaye. Lile banda lilikuwa linafanya kazi: jembe, makaa, baiskeli, kuku usiku. Gazebo yako inafanya kazi gani siku ya Jumanne?

Sasa tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwa mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Mvua ya milimita 20, ambayo Kisumu si habari mwezi wa nne, inakuletea lita 240. Hiyo ni mitungi 12 ya lita 20, bure, ukiwa tu na gata na tangi.

Najua mtasema, "Ploti ni yangu, doo ni yangu." Sawa buda, lakini maji hayajui taito. Ukifunika mita za mraba 100, mvua hiyo hiyo inamwaga karibu lita 2,000 ambazo udongo wako ungekunywa sehemu yake. Zinaenda wapi? Kwa jirani, kwa barabara, kwa mitaro iliyojaa takataka, halafu zinateremka kuelekea Auji, mto unaopita Manyatta na Nyalenda. Kuna mtu huko chini anainua godoro usiku wa manane ndio wewe upate pa kupigia selfi.

Kwa hivyo jenga banda jipya, lakini jenga kwa akili. Sehemu kubwa ya Kisumu ni udongo mweusi: mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka. Slabu nyembamba juu yake itapasuka pia. Nguzo zifike udongo mgumu, sakafu iinuke, mbao zipakwe dawa ya mchwa. Mafundi wako Kibuye, wape kazi. Pesa ya kabro iliyobaki ununulie tangi, na pale palipobaki udongo panda osuga, dek na apoth. Hizo pia ni kijani, na zinalika na ugali.

Ukiamua kabro lazima, muulize fundi swali moja kabla hujampa deposit: maji ya hapa yataenda kwa nani?