Mbwa Mzee Si Samaki Mkavu

"Samaki mkunje angali mbichi." Methali hii nimechoka kuisikia ikisemewa mbwa. Mtu anaingia kituo cha kuhifadhia wanyama hapa Nairobi, mke na watoto wako nyuma yake. Anaonyeshwa Maltese wa miaka 10, mpole, kadi yake ya chanjo imejaa mihuri, hajui hata kukojoa ndani. Baba anatikisa kichwa: huyu keshakauka, hakunjiki tena, tupeni mtoto. Watoto wa mbwa wakikosekana, familia inaondoka. Jumamosi inayofuata wananunua kitoto kwenye foleni ya magari, kwa kijana anayekining'iniza dirishani kwa ngozi ya shingo, bila chanjo, bila kujulikana kimetoka wapi.

Nyuma ya methali hiyo kuna imani ambayo karibu kila mtu anaikubali bila kuipima: kwamba mbwa ana bwana mmoja maishani, na ukimchukua uzeeni hatakuwa wako kamwe. Atamlilia yule wa kwanza hadi kihoro kimuue. Kwa hiyo ni huruma, wanasema, kumpeleka kwa daktari achomwe sindano apumzike. Nasema ni uongo. Uongo wenyewe unawafaa watu wengi, na ndiyo sababu hauzeeki: unamfaa anayeuza watoto wa mbwa, na unamfaa zaidi anayetaka kumtupa mbwa wake huku akijisifu kwa upendo.

Wanaoumizwa hasa ni mbwa wa aina ndogo, hawa ambao mtaani huitwa wa kizungu. Nairobi imejaa Japanese Spitz weupe, Maltese, Shih Tzu na Chihuahua waliochukuliwa wakiwa kama pamba. Miaka inapita. Mwenye mbwa anapata kazi Toronto. Au anahamia ghorofa ambalo mwenye nyumba hataki kusikia kucha sakafuni. Au anafariki, na warithi wanagawana gari, shamba na televisheni, wakifika kwa mbwa kila mmoja anaangalia simu yake.

Ukidai ushahidi wa hiyo imani, utatajiwa Hachiko. Ndiyo, yule Akita wa Tokyo alikuwapo. Profesa Hidesaburo Ueno alifariki ghafla mwaka 1925, na mbwa wake akaendelea kufika stesheni ya Shibuya hadi alipokufa mwaka 1935. Lakini wanaosimulia hukata kisa pale panapowafaa. Hachiko hakuishi stesheni akifa njaa kwa mapenzi. Baada ya kuhamishwa huku na huku, alipata makao kwa Kikuzaburo Kobayashi, aliyekuwa mtunza bustani wa profesa, na pale stesheni watu walimlisha. Tumboni mwake kulikutwa vijiti vya mishikaki ya kuku. Viungo vyake vilihifadhiwa, na watafiti waliovichunguza upya mwaka 2011 walikuta saratani na minyoo ya moyo. Kihoro hakikuonekana popote kwenye darubini.

Kisa cha pili ni cha Edinburgh, na hiki kinamhusu mbwa mdogo kabisa, Bobby, ambaye husemwa alikuwa Skye Terrier. Inasemekana alilinda kaburi la John Gray tangu mwaka 1858 hadi alipokufa mwaka 1872. Mwanahistoria Jan Bondeson amedai kwamba walikuwa mbwa wawili waliofuatana, mmoja akafa na mwingine akachukua nafasi yake, maana wageni walipenda kuja kumwona. Tuyaache hayo. Hata ukikikubali kisa kizima kama kilivyo, Bobby alikuwa akisikia mzinga wa saa saba mchana anakwenda mkahawani kula. Mwaka 1867, sheria ilipodai kila mbwa awe na leseni, meya William Chambers aliilipa kwa mfuko wake na kumvisha ukanda wa shingo ambao hadi leo uko kwenye jumba la makumbusho. Mmoja anamlisha, mwingine anamlipia, mtaa mzima unamjua jina. Huyo ni mbwa aliyepata walezi wapya akazeeka mikononi mwao. Sijui aliyeanza kukitumia kisa hiki kuthibitisha kinyume chake alikuwa anasoma nini.

Tuache hekaya, twende kwenye vipimo. Mwaka 2001 Márta Gácsi na wenzake wa Budapest walichapisha utafiti uliofanywa kwa mbwa wazima waliokuwa kwenye vituo, wasio na mtu. Mtu mgeni alikaa na mbwa dakika 10, mara tatu tu. Kisha wakampima mbwa kwa kipimo kinachofanana na kile wanasaikolojia wanachotumia kwa mtoto na mama yake: akiachwa na huyu, akiachwa na mgeni mwingine, nani anamfuata hadi mlangoni, nani akirudi anapokelewa kwa shangwe. Dakika zile chache zilitosha mbwa wakaanza kumchukulia mtu yule kama mtu wao. Na sisi tunahukumu kwamba aliyeishi miaka 10 na familia ya Kileleshwa moyo wake umefungwa kwa kufuli na ufunguo umepanda ndege.

Kuhusu kujifunza, watafiti wa Vienna wamewahi kuwafundisha Border Collie 95, wa umri wa miezi mitano hadi miaka 13, kugusa picha kwenye skrini kwa pua. Wazee walichukua muda mrefu zaidi kushika somo. Lakini kwenye swali lililohitaji kufikiri, kuchagua picha mpya kwa sababu ile nyingine walikwisha kujua kuwa ni kosa, wazee waliwapita vijana. Miezi sita baadaye walirudishwa mbele ya skrini, na wazee walikumbuka kama wadogo. Border Collie si Maltese, hilo nalijua, na sidai Shih Tzu wa shangazi yako atatatua mafumbo. Ila mbwa mzee anahitaji kujifunza nini hasa? Mlango uko upande gani, chakula kinakuja saa ngapi, nani wa humu ndani asisumbuliwe asubuhi. Mambo yaliyokugharimu zulia na viatu kumfundisha mtoto, yeye alifundishwa na mwingine. Na parvo, ugonjwa unaowamaliza watoto wa mbwa kwa kuhara damu, yeye mwenye kadi iliyojaa mihuri keshakingwa.

Halafu kuna hesabu ya umri, ambayo watu huikosea vibaya. Kuzidisha kwa saba hakufai, kwa sababu mbwa hawazeeki kwa mwendo mmoja. Cornelia Kraus na wenzake walilinganisha aina 74 za mbwa mwaka 2013 wakakuta kwamba kila kilo mbili za uzito zinapunguza maisha kwa takriban mwezi mmoja. Great Dane wa miaka minane ni mzee wa kuaga. Chihuahua wa miaka minane ni mtu wa makamo, na baadhi ya aina yake hufika miaka 14 na kuendelea. Kwa hiyo ukimchukua Maltese wa miaka 10, huenda una miaka minne mbele yako. Wapangaji wangapi wa Nairobi wanakaa kwenye ghorofa moja miaka minne?

Sasa niseme kweli kuhusu maradhi, kwa sababu hapa wapinzani wangu wana hoja, ingawa wanaisema kwa mdomo wa mapenzi badala ya mdomo wa pesa. Mbwa mdogo mzee ana kinywa kibovu. Meno ni yale yale 42 ya mbwa yeyote, yamebanana kwenye taya la kidole, na ukoga unageuka jiwe, fizi zinaoza. Kuyasafisha kunahitaji dawa ya usingizi, na kabla ya usingizi daktari makini atataka kupima damu, figo na moyo. Valvu ya moyo inayovuja ni ugonjwa wa kawaida kwa mbwa hawa. Koo nalo hulegea, hivyo unamvisha mkanda wa kifuani, si wa shingoni, la sivyo atakohoa kama mvutaji wa kiko. Haya yote yana bei. Lakini yana tiba pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa mbwa 360 wenye valvu mbovu na moyo uliokwisha kutanuka ulionyesha kuwa dawa iitwayo pimobendani inaahirisha kushindwa kwa moyo kwa takriban miezi 15. Mtu akiniambia "sina uwezo wa kulipia dawa," namheshimu. Akiniambia "atanililia huyu," namwambia aseme bei.

Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wetu alikubali kumlea kwa muda Shih Tzu wa miaka 12 mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili. Alipompeleka kukaguliwa, daktari kijana alimwonya kwa adabu: "Mwalimu, huyu umri umekwenda."

"Wangu haujasimama, mwanangu. Mwandikie dawa ya masikio."

Usiku wa kwanza mbwa alikaa ameelekeza uso mlangoni, hakugusa chakula. Usiku wa pili vivyo hivyo. Mwalimu hakumbembeleza. Alitandika leso aliyoilalia mwenyewe pembeni ya kiti chake akaendelea kusikiliza taarifa ya habari. Kabla ya ngazi ya veranda aliweka mkeka wa katani, ili wayo wa mbwa uhisi ukwaru na ujue kwamba hatua inayofuata inashuka. Ugali aliurowesha kwa mchuzi wa kuku usio na kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa, ukiwa na uvuguvugu ili harufu ipande. Wiki haikuisha mbwa akawa anamfuata hadi chooni, jambo ambalo Mwalimu alilalamikia kwa kila jirani huku akicheka.

Angalia siku zile mbili za kwanza. Ndizo zinazowaua mbwa wazee wengi. Huzuni ipo, sikatai; mnyama aliyepoteza nyumba hagusi sahani, anakoroma vibaya, anajificha chini ya meza. Mchukuaji anaona hayo siku ya pili, anakumbuka Hachiko, anamrudisha kituoni siku ya tatu. Kituoni kimya chake kinahesabiwa kuwa ushahidi mwingine.

Hapo ndipo ulezi wa muda unapofanya kazi ambayo banda haliwezi. Mwaka 2019 Lisa Gunter na wenzake waliwapima mbwa 207 wa vituo vitano vya Marekani: usiku waliolala nyumbani kwa mtu, kortisoli, ile homoni ya msongo, ilishuka, waliporudi bandani ikapanda tena pale pale ilipokuwa. Na bandani mzee anaonekana vibaya kuliko alivyo, ananuka, hasikii akiitwa, anatetemeka sementi ikiwa baridi. Mlezi ndiye anayekuja na habari zinazompatia nyumba: hasikii sikio la kushoto, anaogopa ufagio, analala saa nyingi, watoto anawavumilia.

Wapo waliokwisha kulijua hili. Muttville ya San Francisco, iliyoanzishwa na Sherri Franklin mwaka 2007, inachukua mbwa wa miaka saba na zaidi tu, na wazee wa kuanzia miaka 62 hupewa mbwa bila ada. Old Friends ya Tennessee inaacha mbwa akae kwa mlezi hadi mwisho wa maisha yake, huku bili za daktari zikibaki kwa shirika. Huo ndio mpango ninaotaka vituo vyetu viuige, KSPCA ya Karen na vile vidogo visivyo na jina. Fedha zinazochangishwa kujenga banda jingine zilipie meno na vidonge vya moyo vya mbwa walioko majumbani mwa wastaafu. Wastaafu wapo, nafasi wanayo, na mchana kutwa wako nyumbani. Kinachowazuia ni bili.

Ndugu zangu wa pwani wasiofuga mbwa ndani kwa sababu ya twahara, siwaambii wabadili dini yao. Kisa cha aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu wanakijua kuliko mimi, na kuchangia dawa hakuhitaji kumlaza mbwa sebuleni.

Kuna hoja moja ambayo sina jibu lake: atakufa upesi, nitaumia. Utaumia.

Wanaosafiri ndio nina neno nao. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtelekeza mnyama kuwa ukatili, na kumfungulia lango "ajitafutie" ni kumtelekeza, hata ukilia. Andika karatasi moja: umri wake, dawa zake, anachokula, maneno anayoyajua, lugha anayoitwa nayo. Ambatanisha kadi ya chanjo. Mbwa aende na blanketi lake, usilifue. Kisha mtafutie mlezi miezi mitatu kabla ya safari, mfahamiane, mbwa alale kule siku mojamoja, badala ya kumpigia simu kila unayemjua wakati teksi imekwisha kusimama langoni.