Jinzi Ipauke kwa Msasa wa Nyumbani
Anayetaka jinzi iliyopauka na aipaushe mwenyewe, kwa msasa. Rangi yake ya nili hushika juu juu tu ya uzi, kiini hubaki cheupe. Ndiyo maana msasa laini ukipita mapajani na magotini weupe hujitokeza taratibu, na mkono hujua pa kukomea. Viwandani, kupata weupe huo, walipuliza mchanga, na vumbi lake likawaharibu vijana waliofanya kazi hiyo mapafu kwa ugonjwa wa silikosisi, hadi Uturuki ikaupiga marufuku upulizaji huo mwaka 2009. Wapo watakaosema kupiga msasa ni kuharibu nguo nzima. Kwa anayekwangua mpaka itoboke, ni kweli. Lakini jinzi iliyopaushwa ya dukani nayo mara nyingi imekwanguliwa kwa mkono wa kibarua anayeshinda kwenye vumbi. Wewe kwangulia nje, pua umeifunika, kisha uifue peke yake.