Siku ya kilo si ya kilo peke

Asubuhi ya kupima watoto, pita kwenye kituo cha afya, ikuwe Katuba ao Ruashi: ba mama wamepanga mustari, kila mmoja na fishi mkononi. Mtoto anapandishwa kwenye balansi, anachomwa sindano, wanarudi nyumbani. Kisha sindano ya surua ya miezi 9, wengi wanaona kazi imekwisha. Lakini upimaji ule umewekwa kwa watoto mpaka miaka 5. Na alama za otisimu, ile radio za Tanzania zinaita usonji, zinaonekana zaidi kati ya mwaka 1 na miaka 2. Hapo njo tunamwachilia mtoto.

Otisimu si wazimu, haiambukize. Ni namna ubongo unavyokua tangu mwanzo. Shirika la afya la ulimwengu, OMS, linakadiria kwamba mu 2021 mtu 1 kwa 127 alikuwa nayo. Kwa hiyo hata mu avenue yako wako.

Tuangalie nini? Kwa miezi 12, unamwita jina, hageuki. Kwa miezi 18, haonyeshi na kidole ndege ao gari. Akitaka kitu anavuta mkono wako bila kukutazama usoni. Kwa miaka 2, haunganishi maneno mawili, ao maneno aliyokuwa nayo yanapotea. Anaweza kuzungusha kifuniko cha bidoni muda mrefu, ao kuziba masikio mashine ya kusaga ikilia. Alama moja haitoshi. Zikikuwa nyingi, mpeleke, na masikio yapimwe kwanza, maana asiyesikia naye haitiki.

Kuna maulizo 20 yanayoitwa M-CHAT, ya watoto wa miezi 16 mpaka 30. Mzazi anajibu ndiyo ao hapana. Hakuna mashine, hakuna damu. Hayasemi mtoto iko na otisimu. Yanasema huyu aangaliwe na mwenye kujua. Mu Lubumbashi wenye kujua wako, kama kwenye kituo cha Joseph Guislain.

Juu ya nini basi tunachelewa? Baba anatoka giza, anarudi giza. Mama akisema "mutoto hasemi", anajibiwa "hata baba yake alichelewa". Miaka 5 ikifika, wengine wanaanza: "huyu ni mulozi". Hapo sheria iko wazi: ile ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mtoto, inamtia gerezani mwaka 1 mpaka 3 yule anayemshtaki mtoto ulozi.

Wachimbaji wanauliza pia: "Ni vumbi ya kobalti?" Ulizo ni la haki. Uchunguzi uliofanyika hapa Lubumbashi na kutolewa mu 2020 ulionyesha kwamba baba akifanya kazi ya mugodi, hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema inapanda. Lakini uliangalia vilema vinavyoonekana siku ya kuzaliwa, haukuangalia otisimu. Tusingojee jibu la vumbi ndipo tumpeleke mtoto.

Pesa? Sheria ya migodi ya 2018 inadai kampuni zitoe angalau 0,3 kwa 100 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Kwenye mikutano ya pesa ile watu wanaomba visima na masomo, na ni vizuri. Waombe pia wauguzi wafundishwe maulizo yale 20, na yaulizwe siku ileile ya balansi. 

Hakuna dawa ya kuondoa otisimu. Lakini mtoto anayesaidiwa mapema anajifunza kuomba maji, kuvaa, kucheza na wenzake. Na mama anaacha kujiuliza alikosea wapi. Hakukosea.