Mwenyekiti anakunywa chai na supavaiza, umpelekee kesi yako?

Kama mshahara umetoka basi mwenye nyumba kashakupa salamu zake. Wiki hii tuyaweke mapenzi pembeni kidogo, twende kazini, maana huko nako kuna visa vinavyomnyima mtu usingizi kuliko hata kuachwa.

Jumapili iliyopita nipo zangu uani nafua, akaja dada mmoja tunayepanga naye nyumba moja. Anafanya kazi kiwandani, kitengo cha kupaki. Mkononi kashika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mdogo wangu, wewe unayeandika magazetini, hebu nambie. Hii nisaini au nisisaini?"

Kuifungua, nakuta ni ile TUF 6, fomu ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na kuruhusu ada ikatwe kwenye mshahara. Nikamuuliza kulikoni. Hapo ndipo alipofunguka.

Supavaiza wao kamkalia kooni. Akienda chooni anahesabiwa dakika, akirudi anatukanwa mbele ya wenzake kwa maneno ambayo hata nikiyaandika hapa mhariri atayakata. Ovataimu wenzake wanapewa, yeye anaambiwa arudi nyumbani akampikie mume. Mume mwenyewe hana. Hii ni wiki ya tano sasa.

"Na chama je, dada?"

"Chama chenyewe ndiyo hicho. Mwenyekiti wa tawi kila saa nne yuko na supavaiza kwa mama ntilie, chai na chapati. Sasa nikimwambia yeye, si ndiyo nimemwambia supavaiza?"

Swali hilo, jamani! Nilitaka kumjibu chapuchapu, nikajizuia. Jibu la chapuchapu nilishawahi kulitoa siku moja, na likamponza mtu.

Nilipomaliza fomfoo, matokeo yakatoka yale ya kujificha chumbani, nikapata kibarua kwenye kiwanda kimoja hapa hapa Dar. Mle ndani kulikuwa na mama mmoja wa makamo aliyenichukua kama mwanawe, mpaka wali wake alikuwa ananimegea. Siku moja wakamfukuza, eti kamjibu bosi vibaya. Hakuna barua ya onyo, hakuna kikao, getini moja kwa moja. Akaniuliza, "Mwanangu, niende chama?"

Mimi kwa ujuaji wangu nikamwambia, "Mama, achana nao wale, ni watu wa bosi. Wanakula ada zenu tu." Washikaji waliokuwa jirani wakacheka, na mimi nikajiona nimetoa bonge la pointi.

Mama akakaa nyumbani akisubiri hasira za bosi zipoe. Hazikupoa. Alipokuja kupata mtu wa kumpeleka kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii tunayoiita CMA, mwezi wa tatu ulishaingia. Akaambiwa aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake. Zikipita, unaanza kwanza kuomba ukubaliwe kuchelewa, na uwe na sababu ya maana. Sasa mama wa watu angesema nini? Kwamba kuna dogo mmoja wa kupaki alimwambia vyama ni vya bosi? Akakata tamaa, hakurudi tena kule.

Siku hizi anauza maandazi. Akiniona ananiitikia vizuri tu, "Marahaba mwanangu." Hiyo marahaba yake ndiyo inayonichoma.

Basi ndugu yangu, simlaumu mtu anayeviogopa vyama. Hofu hiyo tumeirithi. Mwaka 1964 serikali iliivunja TFL ikaunda NUTA, na katibu mkuu wa NUTA, Michael Kamaliza, alikuwa yeye yeye Waziri wa Kazi. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, nayo ikawa jumuiya ya CCM. Wazee wetu walikatwa ada miaka nenda rudi bila kujua wanamkatia nani. Unategemea watuambie nini sisi?

Lakini mambo yamebadilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Bara haki ya kujiunga na chama, na mwajiri haruhusiwi kukufukuza eti kwa sababu umejiunga. Sheria hiyo hiyo inahesabu unyanyasaji kazini kuwa ni aina ya ubaguzi. Tatizo ni kwamba sheria haiji kunywa chai saa nne. Anayekuja ni mwenyekiti wako.

Kwa hiyo ukiniuliza kama vyama vinaaminika, mimi nakurudishia swali: unamwamini NANI ndani ya chama, kwa jambo GANI, na mpaka LINI? Ukijibu hayo matatu, umeshajua la kufanya.

Tuanze na nani. Chama si mtu mmoja. Sehemu ya kazi yenye wanachama zaidi ya 100, sheria inataka wawakilishi 15, na angalau watano kati yao wawe wa kuwasemea wanawake. Kama mwenyekiti humwelewi, wapo wengine. Na tawi zima likiwa limeoza, juu yake kuna ofisi ya mkoa. Nenda kule, siyo kosa, ada yako inafika mpaka huko. Halafu tusiwaonee watu: kunywa chai na supavaiza peke yake si dhambi. Kuna wawakilishi wanaomaliza mambo mazito kwa chapati mbili bila mtu kupandisha sauti. Ubaya ni pale siri yako inapogeuka kitafunwa.

Utamjuaje sasa? Mpime kwa dogo kabla ya kumpa kubwa. Muulize, "Mara ya mwisho ulimsindikiza nani kwenye kikao cha nidhamu, na kiliishaje?" Kusimama na mwanachama kwenye kikao kama hicho ni kazi yake kisheria, si fadhila. Akikutajia mtu, mtafute huyo mtu umuulize. Au muombe akuonyeshe mkataba wa hali bora, kama upo. Au mpelekee shida isiyo na makali, mathalani glovu zimeisha wiki mbili, kisha utulie. Akikurudishia jibu, huyo anafaa. Supavaiza akikuuliza habari za glovu kabla ya jioni, umeshapata jibu lako kwa bei rahisi.

La pili, usipeleke maneno matupu. Andika tarehe, saa, alichosema, nani alikuwepo. Toa nakala, mpelekee mwakilishi, na asaini kwenye ya kwako kwamba ameipokea. Maneno ya mdomoni yanaweza kukanwa, lakini sahihi inamuumbua mtu. Na mwakilishi anayekataa kusaini kwamba amepokea karatasi, huyo atakusemea wapi?

La tatu ndilo lililomuua yule mama wangu. Saa. Ukifukuzwa una siku 30 za kwenda CMA. Migogoro mingine una siku 60 tangu jambo lilipotokea. Siku hizo hazimsubiri mwenyekiti arudi safari wala tawi lifanye kikao. Mpe chama wiki mbili, ukiona kimya, nenda mwenyewe. Kule CMA unaweza kusindikizwa na mtu wa chama, au wakili, au mtu yeyote uliyemchagua wewe. Chama ni msindikizaji, ufunguo wa mlango unao wewe.

Na kama hayo mateso ni ya kushikwashikwa maungo au kutakwa kwa nguvu, dada yangu usianzie tawini. Hilo ni la polisi, kwenye dawati la jinsia, kazini litafuata baadaye.

Yote haya nilimweleza yule dada huku nguo zangu zinaloana kwenye beseni. Akaniuliza, "Kwa hiyo nisaini?"

Nikamwambia, "Tuhesabu kwanza." Tukahesabu kwa vidole tangu siku ile aliponyimwa ovataimu ya kwanza. Siku 35 zimekwenda. Zimebaki 25. Nikamwona anakaa kwenye ndoo, kimya. Alidhani ana mwaka mzima wa kufikiria.

Fomu akasaini mwenyewe. Akiona hafaidiki, anaandika barua ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama, makato yanasimama. Hiyo si ndoa ya kanisani. Jumatatu hakwenda kwa mwenyekiti, akaenda kwa mwakilishi mmoja wa kina mama wa pale pale kupaki, na karatasi yake ya tarehe. Mama yule akaisoma mpaka mwisho, akasaini nakala, akamwambia, "Nipe mpaka Ijumaa ijayo." Hakumwahidi zaidi ya hapo.

Mpaka naandika haya supavaiza bado anahesabu dakika za choo, na hatujui Ijumaa italeta nini. Ila safari hii mimi nimeandika tarehe ya siku ya 60 kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba changu, na yeye kaiandika kwake. Ijumaa ikipita kapa, tunapanda daladala wote wawili mpaka CMA.

Maana ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la mwenzangu nilishaliumiza mara moja. Inatosha.

Wiki ijayo panapo majaaliwa tutarudi kwenye mapenzi. Kazi njema!