Mazungumzo ya Jamaa: Juu ya Nini Maji Peke Yake Hayatoshi?



Siku moja nyuma ya ibada, kijana mmoja anayefanya kazi kwenye machimbo alinifuata, ameshika shavu. Akaniambia: «Pastere, miye kila asubui niko nasukula kinywa na maji, mara tatu, mara ine. Juu ya nini jino inaoza?»

Neno lake lilinigusa. Kijana huyu si mvivu. Lakini adui wake haogopi maji. Basi leo tuangalie adui huyu ni nani, na namna gani anashika jino.

Katika mwaka 1683, mtu wa Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek, alikwaruza utando mweupe kwenye meno yake, akauangalia kwa kioo cha kukuza alichotengeneza yeye mwenyewe. Akaona vitu vidogo vyenye uhai, vingi sana, vinatembea. Ndiyo tunaita leo mikrobe au bakteria. Mwaka 1924, kule Uingereza, J. Kilian Clarke alitoa jina kwa moja inayoozesha meno sana: Streptococcus mutans.

Sasa sikiliza vizuri. Mikrobe haina vidole wala kucha. Lakini juu ya mwili wake kuna proteini zilizotokeza nje sawa mikono. Jino nalo haliko tupu. Ukimaliza tu kulisafisha, katika dakika chache mate yanalipaka utando mwembamba wa proteini zake. Proteini ya mikrobe inakutana na proteini ya mate, zinaingiana sawa ufunguo na kufuli. Hapo mikrobe imeshika. Maji yanapita juu, yenyewe inabaki.

Tena kuna jambo la kushangaza. Moja ya proteini za mate, ikiwa inaelea ndani ya mate, inakamata mikrobe, inazifunga pamoja, nasi tunazimeza. Lakini ile ile, ikiisha kulala juu ya jino, inakuwa pahali pa mikrobe kushikilia. Mungu ametupatia mate kuwa mlinzi, lakini mlinzi huyu anataka mkono wetu umsaidie.

Mikrobe zikishika, zinaita wenzao. Streptococcus gordonii inafika kati ya zile za kwanza. Yenyewe haileti shida kubwa. Lakini Porphyromonas gingivalis, ile inayoharibu ufizi, inakuja kushikilia proteini za juu ya mwili wake. Mgeni analeta mgeni.

Na sukari? Streptococcus mutans inageuza sukari ya chai na bombo kuwa gundi, na kwa gundi hiyo inajenga nyumba nzito juu ya jino. Sukari nyingine inaigeuza kuwa asidi, nayo asidi inakula jino polepole mpaka linatoboka.

Jamani, si jambo la meno tu. Ufizi ukitoka damu, mikrobe zinaweza kuingia katika damu. Kwa mtu ambaye moyo wake umekwisha kuharibika, zinaweza kushika hata moyoni. Ugonjwa huo unaua.

Basi tufanye nini?

1. Tusugue, si kusukutua tu. Burashi na dawa ya meno yenye fluori, mara mbili kwa siku, dakika mbili. Ukitumia mswaki wa mti, pitisha kwa kila jino, mbele na nyuma. Hapana kutumia mchanga, unakwaruza jino.

2. Usiku ni lazima, juu mtu akilala mate yanapunguka, na mikrobe zinafanya kazi bila mlinzi.

3. Tusinyonye vitu vya sukari kutwa nzima. Na mama, usimlaze mtoto na chupa ya chai ya sukari kinywani.

4. Jino likiisha kutoboka, burashi haiwezi kuziba tundu. Nenda kwa munganga wa meno mapema, usingoje shavu livimbe.

Yule kijana alichelewa. Jino lake liling'olewa. Lakini mengine yako mazima, na sasa anayasugua kila usiku.

Ndugu zangu, dhambi nayo inashika vile vile. Haianzi kwa tundu kubwa. Inaanza kwa neno dogo la uongo, kinyongo kidogo tulichokiacha kilale usiku mmoja. Kesho kinaita mwenzake, na mwishoni ni nyumba nzima. Machozi ya siku moja ya Mungu ni kama maji ya kusukutua, yanapita juu. Toba ya kila siku ndiyo inayosugua.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
– Kwetu, nani analala bila kusugua meno?
– Kuna neno gani kati yetu tumeliacha lishike?

Bwana awabariki. Tutaonana mwezi ujao.