Kipindupindu: karai linapinduliwa, kisima kinaachwa

Kila kipindupindu kinapotajwa hapa Pwani, wa kwanza kuandamwa ni mama wa mahamri. Askari wa kaunti wanakuja, karai linapinduliwa, kibanda cha juisi ya ukwaju kinafungwa, picha zinapigwa. Wiki chache baadaye ugonjwa ukipoa, kila mtu anarudi kazini kwake. Kisima hakijaguswa.

Sisemi chakula hakina lawama. Mlipuko ulioanza Oktoba 2022 ulihusishwa na harusi kule Limuru. Lakini tuujue ugonjwa wenyewe. Bakteria wa kipindupindu akifika utumboni hutoa sumu inayozilazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi na maji bila kusita. Ndiyo maana mgonjwa huharisha kitu mfano wa maji yaliyooshewa mchele, na aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Anakauka, na anaweza kufa kabla jua halijachwa. Akiwahiwa kwa maji ya chumvi na sukari (lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi) huku akipelekwa hospitali, karibu wote hupona. Kungoja kupambazuke ndiko kunakoua.

Tena wengi walioambukizwa hawaumwi kabisa, ila vinyesi vyao vina bakteria. Vinakwenda wapi? Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu. Choo cha shimo kikiwa hatua chache kutoka kisimani, mvua ikinyesha vinakutana chini kwa chini.

Na watu hawateki kisimani kwa kupenda. Mombasa hutegemea maji ya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, yote nje ya kaunti. Mfereji ukikauka wiki mbili, mtu wa Likoni au Kisauni atanunua mtungi wa mkokoteni, na muuzaji mwenyewe huenda asikwambie ametekea wapi.

Si mambo mapya. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, aliandika jinsi ugonjwa ulivyoshuka na misafara ya bara hadi Pangani, kisha ukavuka bahari. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kutia kisimani wala maabara ya kupima maji. Leo vyote vipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na huduma ya maji iko mikononi mwa kaunti.

Basi matokeo ya vipimo vya visima yabandikwe mtaani, kisima kwa kisima, kabla ya mvua za vuli. Na mwakilishi wa wadi akija tena na leso zake, aulizwe kwanza: kisima cha hapa msikitini kilipimwa lini?